Mwalimu Anavielewa Visanduku vya Mume Wangu Kuliko Mimi

Aliyetuandikia ni msomaji wa Garsen. Ameomba jina lake lisijulikane, na majina ya wengine yamebadilishwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike, Dado. Asubuhi nauza mahamri karibu na steji, mchana niko shambani. Mume wangu, nitamwita Komora, ni fundi wa redio. Hanywi, hanipigi, na pesa ya matumizi analeta. Nayasema haya mapema msije mkadhani naandika juu ya mume mbaya. Anayeumwa na roho hapa ni mimi.

Komora anapiga gitaa la umeme kanisani, na kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Unapiga uzi, sauti inapita kwenye kisanduku, inatoka kwa spika ikikwaruza kama koo la mtu aliyelia sana, au ikitetemeka kama iko ndani ya maji. Wenye uwezo huvinunua Nairobi. Yeye huvitengeneza kwa mikebe ya majani chai. Mafuriko yalipopita, watu walimletea redio zilizolowa zisizofaa tena, naye akawa anazichokoa, anatoa transista na vidude vingine, anavipangusa kwa spiriti, anavianika juu ya gazeti. Chuma cha kuchomelea anakipasha kwenye jiko langu la makaa. Mara ngapi ugali wangu umengoja chuma chake kitoke motoni!

Zamani alikuwa akiniita. "Mama Dado, sikiza hii. Haya, sasa hii. Ipi ina utamu?" Mimi nasikia makelele tu. Nikawa namjibu, "Zote sawa." Mwishowe akaacha kuniuliza, na wala sikuona kama nimepoteza kitu.

Mwaka huu shule yetu ikaletewa mwalimu wa kike kutoka upande wa Kilifi, nitamwita Sidi. Hajaolewa. Alikuja na gitaa lake mwenyewe, jambo ambalo hapa hatukuwa tumeliona kwa mwanamke, na Jumapili yake ya kwanza akapiga pamoja na Komora. Baada ya ibada alichutama mbele ya kisanduku cha Komora, akakigeuza, akauliza, "Hiki kimetengenezwa na nani?"

"Na mimi," Komora akasema.

"Wacha uongo!"

Mume wangu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukiwa wachumba.

Kuanzia siku hiyo, masomo yakiisha jioni, mwalimu yuko kwenye kibanda cha Komora cha kutengenezea redio. Wanakaa mlango wazi, watu wakipita, hakuna cha kuficha, na hilo ndilo linalonimaliza. Ningewafumania ningejua la kufanya. Nampelekea Komora chakula, nawakuta wameinamia mkebe mmoja.

"Inakwaruza mno," mwalimu anasema.

"Ngoja nikubadilishie kepasita. Sasa je?"

"Sasa imekaa. Aah, imekaa!"

Wanatazamana, wanacheka. Nami nimesimama na sahani mkononi, samaki anapoa.

Kisha Komora akamtengenezea mwalimu kisanduku chake mwenyewe. Alikipiga msasa, akakipaka rangi ya buluu mpaka kikang'aa. Mlango wa choo chetu unaomba rangi tangu Dado hajazaliwa.

Halafu Sidi akapata habari kuwa kuna bendi Malindi inataka wapiga gitaa wa kuisaidia likizo ya Desemba. Anataka waende wote wawili. Komora aliniomba ruhusa akitazama chini. Kesho yake nikajifunga leso, nikaenda mpaka nyumba za walimu.

"Mwalimu, niambie kweli. Unamtaka mume wangu?"

Hakukasirika. Alinipa kiti. "Mama Dado, mume wako simtaki. Nina mchumba wangu Mariakani. Lakini kote nilikofundisha sijapata mtu anayesikia ninachosikia. Hicho tu ndicho ninachomfuatia."

Heri angesema anamtaka.

Nilirudi nyumbani nikilia, nikamwambia Komora achague, mimi au visanduku vyake. Sikutegemea angechagua upesi vile. Alichukua gunia, akatia kila kitu, akalisukuma chini ya kitanda. "Yamekwisha. Usilie."

Sasa anarudi mapema. Ananitekea maji, anauliza mahamri yameuzwaje. Majirani wananiambia nimebahatika. Mwalimu hapiti tena kibandani. Lakini mume wangu anakaa nyumbani kama mgeni anayengoja kuruhusiwa kuondoka. Nikimuuliza anawaza nini, anasema, "Hakuna."

Wiki iliyopita nililitoa lile gunia. Nilitaka nisikie kile wanachosikia wao. Nikaunganisha waya kwenye betri ya gari kama nilivyokuwa nikimuona akifanya, nikakanyaga kisanduku kimoja, nikapiga uzi wa gitaa lake. Nyumba ikajaa sauti. Komora alikuwa uani. Aliingia mbio, uso unang'aa, mdomo uko tayari kusema neno. Alipoona ni mimi, uso ukazima. Akainama, akachomoa waya taratibu.

"Utaunguza spika, mama Dado," akasema, akatoka nje.

Ndugu wasomaji, sijalala vizuri tangu siku ile. Ule uso ulioingia mlangoni haukuwa wangu. Watu wa Malindi wanataka jibu kabla shule hazijafungwa. Nikimwambia aende, nitakuwa nimempeleka mwenyewe kwa mkono wangu kule anakofurahi bila mimi. Nikimzuia, nitabaki na mwanamume anayenitekea maji na hana la kuniambia. Nielekezeni, nifanye nini? Zaidi nawauliza nyinyi wanawake mliowahi kumwonea mwenzenu wivu kwa kitu ambacho hata hakukuibieni.