Gongo la Severini wa Malangali

Enzi zetu pale Malangali, mtoto ambaye jioni hakwenda kumwona Severini akicheza kriketi hakuwa na la kusimulia shuleni kesho yake. Siku hizi vijana wanapigana kwa ajili ya timu za Ulaya. Sisi shujaa wetu tulimwamkia shikamoo njiani, jembe begani.

Mchezo aliuleta Mzee Kanji, mwenye duka la vitambaa. Kiwanja kilikuwa shamba lililovunwa ulezi, limejaa matuta ya duara ambamo wazazi wetu walifukia majani yaoze. Mpira uligonga tuta ukaruka ulikotaka. Severini aliusubiri, amelegea kama mtu anayeota moto, kisha gongo likashuka: paa! Tuliukimbilia mashambani huku mama zetu wakifoka, "Kanyageni mahindi yangu, leo mtakula huo mpira!"

"Wewe Seve," Mzee Kanji alimwambia, "aliyezoea matuta haya, kiwanja cha Mbeya atapiga huku amesinzia." Akamwombea nafasi ya kujaribiwa na timu ya huko, na Jumamosi asubuhi lori likaja kumchukua.

Kumbe Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yetu katika shamba la ujamaa. Kila mtu alipimiwa kipande chake, na ukiondoka, ndugu yako alikimalizia. Balozi wa nyumba kumi hakutoa ruhusa.

"Kijana, hilo gongo lako linapalilia nini?"

Tulicheka sote, Severini pia. Mzee Kanji alisimama kando ya shamba: "Seve, twende, bwana. Twende!" Severini alimtazama baba yake, aliyeinama kwenye kipande kilichopakana na chake, mgongo umeshapinda. Kwetu, kumwachia mzazi jembe lako mbele ya watu ni aibu isiyofutika. Akainama, akalima. Honi ikalia, ikachoka, lori likaondoka.

Nafasi ile haikurudi. Mzee Kanji alihama, na Severini akahamia kijiji cha Kate, akalima huko mpaka uzeeni. Tulipomzika, wasifu ulisema alikuwa mkulima hodari na Mkristo mwema. Kweli tupu, lakini kriketi haikutajwa.

Nilipowasimulia vijana waliochimba kaburi, mmoja akatoa simu. "Video yake ipo, mzee?"

Haipo. Wao kila bao wanalo mfukoni, wanalirudia wapendavyo. Sisi tuliomwona Severini tunazidi kupungua, na kila tunapozikana, mapigo yake kadhaa yanafukiwa pamoja nasi.