Simu Itakayoshika Nkoma

Kwetu, upande wa Nkoma, kuna mtandao mmoja tu. Mingine inajulikana. Rangi zake zimepakwa kwenye kuta za maduka, na kila mwenye simu ya laini mbili anayo laini ya pili aliyoinunua kwa matumaini. Akifika nyumbani ile laini inalala, akirudi Bariadi inaamka. Watu wameshazoea. Mtu akikupa namba yake humuulizi anatumia mtandao gani.

Mimi nakaa Bariadi na nafanya kazi katika mojawapo ya ofisi hizi za serikali zilizoota tangu mji ufanywe makao ya mkoa. Mama anakaa kule nyumbani na kaka yangu na mke wake, pamoja na ng'ombe na mashamba ya pamba. Baba alishafariki. Mama ana kisukari. Simu yake ilikuwa kitochi, na alikuwa anakitundika kwa kamba kwenye msumari wa mlango wa jiko, kwa sababu pale ndipo mtandao unapokaa. Ukimpigia unasikia kwanza kamba ikitoka kwenye msumari, halafu kuku, halafu yeye.

"Mwangaluka, mayu," namwamkia.

"Mwangaluka, ng'wana wane."

"Vipi afya?"

"Mhola duhu."

Yaani salama tu. Kisha anauliza habari za mvua, za kazi, za mume wangu, mkwe wake, na kabla sijarudi kwenye afya ameshaniaga. Mama angekuwa ndani ya nyumba inayoungua angesema mhola duhu na kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimechoshwa na salama zake. Sukari haisikiki kwenye sauti. Nilitaka kuuona uso wake, niuone mara kwa mara, si zile siku chache ninazopata ruhusa na barabara ikakubali. Ndiyo sababu niliamua kumnunulia simu janja, tuwe tunapigiana kwa video.

Nilimnunulia inayofanana na yangu. Niliona itakuwa rahisi kumfundisha kwa mbali, namwambia bonyeza hapa naye anaona kile ninachokiona. Ilikuwa simu nzuri, nyembamba, iliyotumika kidogo huko nje na kuletwa nchini ikiwa bado inang'aa. Hapa Bariadi ilikimbia kama imetumwa. Nilipoifikisha nyumbani na kuweka laini ya mama, juu ya kioo ikatokea herufi E, alama ya intaneti ya polepole, ikakaa hapohapo. Niliizungusha uwanjani, nikaipandisha kwenye kichuguu, nikaiweka hata kwenye msumari wa jiko. E. Nilijaribu kuipigia video kutoka kwenye simu yangu, ambayo kule sikuwahi kuitumia ila kwa kupiga tu, na sura yangu ikaganda mdomo wazi. Wakati huo wifi yangu alikuwa amekaa pembeni anachambua mchicha, na simu yake ya bei ya chini, yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa inamwonyesha mchezo wa kuigiza bila kukwama hata kidogo. Mtandao ni uleule na mnara ni uleule. Nilikasirika sana, na niliikasirikia simu kana kwamba inafanya makusudi.

Muuzaji wa Bariadi hakushtuka. "Simu ni nzima, dada. Tatizo ni huko kwenu." Alinieleza kwamba simu ile ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, ambako minara inatumia mawimbi mengine. Mnara wetu unarusha intaneti ya kasi kwa mawimbi ambayo simu ile haiyasikii, kwa hiyo inashika yale ya zamani, ya kupigia na kutuma meseji. "Badilisha mtandao," akanishauri.

"Nibadilishe kwenda wapi? Labda wewe ubadilishe mnara."

Alicheka, lakini alikubali nirudishe nichukue nyingine, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Aliniwekea mezani moja nzuri ya bluu, nafuu kuliko zote. Nafuu yake ilikuwa na sababu: iliuzwa na kampuni nyingine ya simu na imefungwa, haipokei laini isiyo yao. Akanipa nyingine iliyouzwa na mtandao wetu wenyewe. Hiyo ingeshika, sikuwa na shaka, ila nilipojipiga picha nilitokea kama niliyepakwa unga wa muhogo. Mimi nilikuwa natafuta uso. Zilizobaki alisema zinashika, kisha akasema zinapaswa kushika, kisha akasema wateja hawajalalamika. Sikuweza kujua mpaka nifike Nkoma, naye hakuweza kuniachia mpaka nilipe. Niliomba nirudishiwe changu, akanirudishia kwa kununa.

Nikakumbuka jinsi watu wetu wanavyonunua. Kule kwetu hakuna mtu anayenunua ng'ombe aliyelala. Atamsimamisha, atamtembeza, atamfunua mdomo atazame meno, na muuzaji hachukii. Simu zinanunuliwa mnadani kwa namna hiyohiyo. Upande mmoja wako ng'ombe, upande wa pili yametandikwa maturubai ya mitumba, dawa za mifugo, majembe, na simu. Mnunuzi anatoa laini yake mfukoni, anaichomeka kwenye simu anayoitaka, anatembea nayo. Akiridhika analipa. Mimi msomi wa mjini nilikuwa nimenunua ng'ombe kwa picha.

Siku ya mnada nilienda na laini ya mama. Nilichomeka nikachomoa mpaka kucha ikauma. Pembeni yangu alikuwa ameketi mama mmoja muuza dagaa kutoka Lamadi, na alinitazama kwa muda kabla ya kunionea huruma. Akatoa ya kwake kwenye kifua cha gauni, simu nene, nyeusi, yenye mpira kwenye kingo. "Chukua kama hii, mwanangu. Nimetoka nayo ziwani, haijakosa mtandao mpaka hapa. Na chaji inakaa."

Muuzaji alikuwa nayo moja. Nilipoichomeka laini ilishika papohapo. Lakini mnadani ni karibu na mnara, na kwetu ni nyuma ya kilima, kwa hiyo nilimwomba niende nayo mpaka nyumbani. Alitaka kitu cha kushika. Nilimwachia simu yangu mimi, nyembamba kama ile niliyoirudisha, nikapanda bodaboda na lile pande la simu mkononi. Pale msumarini kwa mama lilishika. Uwanjani likashika. Hata nyuma ya zizi lilishika. Nikarudi nikalipa.

"Umemnunulia mama simu au tofali?" mume wangu aliniuliza niliporudi Bariadi. Nilimwambia tofali linaloshika ni bora kuliko kioo kisichoshika, na nilijisikia vizuri sana jioni ile.

Hapa nieleze kuhusu mume wangu. Ni mtu wa Tanga, aliletwa huku na kazi kama wengi waliojaa ofisini kwetu. Kwao mkwe asiyemwamkia mama mkwe kwa sauti ya kusikika ni mhuni. Kwetu mhuni ni yule anayemtazama. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na mmoja hakai pale mwenzake anapolala. Mjini wengi wameshaacha. Mama hakuacha. Tukienda kumtembelea, mume wangu anakaa sebuleni kwa kaka na mama anapita nyuma ya nyumba, amejitanda kitenge. Anamtumia kuku aliyenona na michembe ya kubeba, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama anampenda sana mkwe wake, na anampenda kwa kumkwepa. Mume wangu alichukua miaka kuamini kwamba hachukiwi, na hata alipoamini aliendelea kucheka.

Simu ya kwanza ya video niliipiga Jumamosi. Wifi alikuwa amemfundisha mama kupokea. Uso ukatokea, sehemu yake, paji la uso na jicho moja, safi kabisa. Sikupata hata nafasi ya kumwambia asogeze simu. Mume wangu alitoka bafuni na taulo kiunoni, akasikia sauti ya mama, akainama nyuma ya bega langu akiwa kifua wazi. "Shikamoo, mama!"

Niliona paa. Niliona kuku. Nilisikia mama akimwita Mungu kwa Kisukuma, na wifi akicheka mpaka anakohoa. Halafu kioo kikawa cheusi chenye wekundu kidogo, na sauti ya mama ikatoka kwenye ule weusi, imetulia: "Mhola duhu." Alikuwa ameweka kidole kwenye kamera.

Kidole kile hakikutoka tena. Kila nilipopiga, mama alipokea, akafunika, tukaongea. Nilimgombeza mume wangu, naye akaomba radhi kwa dhati, akawa anatoka nje kabisa ninapopiga. Nikaanza kupiga kutoka ofisini, kwenye chumba cha kuwekea mafaili. Nilimzungushia mama kamera aone kuta zote nne.

"Hayupo, mayu. Yuko kazini kwake."

"Najua hayupo."

"Basi toa kidole."

"Ng'ombe mwekundu amezaa," akasema. "Ngoja nikuonyeshe."

Aliponionyesha ndama nilimwona kila unywele. Alinionyesha pamba ilivyochanua, ukuta mpya wa jiko, wajukuu wakila. Simu ilikuwa inafanya kazi kuliko nilivyotarajia, isipokuwa ile kazi moja niliyoinunulia. Niliwasimulia wenzangu ofisini, wale waliotoka mikoa mingine, na tulicheka. Nilisema mama anadhani mkwe anaweza kumwona kupitia mnara. Nilidhani namjua mama yangu.

Wifi nilimpigia pembeni, nikamuuliza mama anaendeleaje. "Hajambo," alisema, haraka mno.

Jioni moja nilikuwa nyumbani, nipo mezani, mume wangu yuko barazani anakunywa chai. Mama alitaka kunionyesha mahali ambapo maji ya mvua yamekula njia. Alitembea na simu, kamera ikitazama chini. Niliona majani, niliona tope, kisha nikaona miguu yake. Mmoja ulikuwa kwenye ndala. Mwingine ulikuwa umefungwa kitambaa hadi juu ya kifundo, na kitambaa kilikuwa kimelowa rangi ambayo si ya tope.

"Mayu, mguu umefanya nini?"

Weusi.

"Nilijikwaa."

"Lini?"

"Siku hizihizi."

"Nionyeshe."

"Sitaki."

Nilipandisha sauti, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mama. Nilimwambia mtu wa sukari hajikwai tu, nilimwambia kidonda hicho kinaweza kumla mguu, nilimwambia haya ya mkwe sasa imepita kiasi, mkwe hata hayumo humu ndani. Alinisubiri nimalize.

"Si mkwe ninayemficha," alisema. "Ni wewe. Ukishaona, utakuja kunichukua."

"Ndiyo, nitakuchukua! Hospitali iko hapa, kidonda kinasafishwa kila siku."

"Nikilala wapi?"

Nilikuwa nimewaza mawimbi, chaji, kamera na kioo, na nilikuwa nimetembea mnada mzima nikichomeka laini, lakini mahali atakapolala mama yangu sikuwahi kupawaza hata mara moja. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na kila kilichomo kinamhusu mkwe wake. Yeye alipawaza tangu mguu ulipoanza kuuma. Niliogopa, na niliona aibu, vyote kwa pamoja.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Simu ilikuwa kwenye spika, alikuwa amesikia yote. Hakuingia. Alizungumza kutoka palepale, na alisema nami, ingawa maneno yalikuwa ya mama.

"Muulize mama, mimi nikihama, nyumba inakuwa ya nani?"

Mama alisikia.

"Mwambie inakuwa ya mwanangu," akasema.

"Basi nahama."

"Na kitanda?" mama akauliza.

Mume wangu alitazama chumbani. Nilijua ni kitanda cha mninga alichokichongesha mwenyewe, na anakipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. "Mwambie nakibeba."

Alikibeba. Asubuhi aliita guta, wakasaidiana na dereva kukipitisha mlangoni, wakakipigia magoti mara mbili kona ya korido, wakakifunga kamba pamoja na godoro na begi lake la nguo. Alikuwa amepata chumba kwa mwenzake wa kazini karibu na stendi. Majirani walitoka kutazama, na mmoja aliniuliza kwa upole kama wazee wameshaarifiwa kwamba tumeachana.

Mchana kaka alimleta mama kwa gari la kukodi. Aliteremka polepole, amenishika bega, na niliona jinsi alivyokonda. Kitenge kilikuwa kimemzunguka zaidi ya mara mbili. Hakutazama sebule wala hakuuliza maji. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba chetu, akachungulia. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya kitanda na vumbi katikati yake. Akaingia, akakaa chini palepale katikati ya zile alama, akafungua kitambaa mwenyewe, na kuninyooshea mguu.

"Haya," akasema. "Ona sasa."