Muasi wa Hamriya

Jirani yetu wa mtaa wa Hamriya hagusi santuri zake za roki mpaka anawe mikono hadi viwikoni, kama mtu anayetaka kusali. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana hutuita sebuleni kwake, hutukaribisha halwa na kahawa, kisha huchomoa albamu ile ile ya miaka ya tisini, akapuliza vumbi lisilokuwapo na kulinusa jalada. Zamani, tulipokuwa skuli, tuliisikiliza kwa kaseti iliyokwaruza na tukaipenda. Siku hizi tunasomeshwa. "Nyinyi mnasikia makelele tu," hutwambia, kidole juu, kofia kaiweka upande kama kijana. "Mie nnasikia uasi. Watu hawa hawakumwogopa mtu!"

Ijumaa iliyopita gita lilikuwa ndo kwanza linaanza kunguruma, mkewe, Balqees, akachungulia mlangoni. "Mama kalala," alisema, wala hakupandisha sauti. Muasi wetu alisimama wima, akaiweka kofia sawa, akapunguza sauti. Mkwewe akakohoa huko chumbani. Akapunguza tena, na tena, mpaka pakawa kimya kabisa. Santuri ikabaki kuzunguka tu, kama feni. Tukadhani leo tumepona. Kumbe wapi! Alirudi kukaa, akafumba macho, akakiinua kidole chake pole pole.

"Hapo!" alinong'ona. "Mmelisikia gita hilo?"

Tukaitikia kwa vichwa sote, maana halwa yake ilikuwa bado imo midomoni mwetu.