Mashine ya Gemu ya Mama Lujain

Mama Lujain, jina lake halisi Nunu, anauza mapazia Sinza. Pasi ikifa, haitupi, anaifungua. Feni ikigoma, anaifungua. Mumewe, Mazin, husema iko siku ataamka akute na yeye amefunguliwa.

Mwaka jana alikwenda Kibamba kutundika mapazia kwa mteja wake, mwalimu Genoveva. Alipomaliza akatoka uani kunawa mikono, akaona kuku anaruka kutoka ndani ya kabati refu la mbao lililoegemea ukuta. Juu lilikuwa na kioo kilichopasuka, na chini ya kioo vifungo vyekundu na kijiti chenye kichwa cha duara. Nunu akasahau kunawa.

"Dada Genoveva, hii mmeitoa wapi?"

"Hiyo? Tuliikuta na nyumba. Aliyekuwa akikaa hapa alikuwa na ukumbi wa gemu zamani. Kuku wanaipenda hiyo!"

Magomeni alikokulia Nunu kulikuwa na ukumbi wa namna hiyo. Kaka zake waliingia kila wakitoka shule. Yeye alibaki barazani na mabegi yao, akisikia milio na kelele za kushangilia, akiona migongo tu. Mtoto wa kike hakuwa na kazi mle ndani. Kijiti kile hakuwahi kukishika maisha yake yote. Sasa akakishika. Kilikuwa na kinyesi cha kuku.

"Chukua," Genoveva akasema, akicheka. "Ila kuku wangu uwatafutie pengine pa kutagia."

Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ikaileta Sinza jioni ile. Mazin alikuwa mlangoni.

"Nunu, umenunua jeneza?"

"Sijanunua, nimepewa."

"Umepewa jeneza!"

Kazi ilikula masika yote. Alitoa majani na maganda ya mayai. Chini mchwa walikuwa wamekula, seremala akaweka mbao mpya. Bodi ya umeme aliisugua mwenyewe kwa mswaki na spiriti, polepole, kama anayemsafisha mtoto masikio. Alipofika kwenye skrini ndipo alipokwama, mpaka akampata Ansbert, fundi wa Ubungo ambaye bado anazo TV za chogo, zile nene za zamani, nyuma ya kibanda chake.

"Shikamoo mama. Siku hizi wananiletea flati tu," Ansbert alisema. "Hii nitaifanya kwa raha zangu."

Jumamosi moja asubuhi wakaifunga skrini, wakachomeka waya. Ikawaka, ikalia mlio mwembamba, kisha ndege ndogo ikatokea inaruka kichwa chini. Milima nayo ilining'inia kutoka juu. Mazin, aliyejifanya anasoma gazeti, akapinda shingo mpaka sikio likagusa bega.

"Mbona mie hivi naiona vizuri tu?"

Ansbert akacheka, akageuza nyaya nyuma ya chogo, na dunia ikakaa sawa.

Nunu akavuta stuli. Ndege yake ya kwanza ililipuka kabla hajajua ipi ni yake. Ya pili ikagonga mlima. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa mtandio, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Mazin alimtazama, akakunja gazeti.

"We endelea. Chai napika mie."

Milio ile ikavuka ukuta. Haikupita wiki, mtaa mzima ukawa unasema Mama Lujain kaleta dubwi, zile mashine za kamari zinazomeza chenji za watu. Alasiri moja mjumbe wa mtaa, Mzee Lusungu, akapiga hodi na uso wa kikazi.

"Mama Lujain, sie tunakuheshimu. Lakini kamari kwenye makazi ya watu, hapana."

"Shikamoo mzee, karibu ndani. Hebu nioneshe pa kutumbukiza hela."

Mjumbe akaizunguka, akachungulia, akapapasa. Tundu la sarafu lilikuwa limezibwa na kupakwa rangi.

"Sasa inakula nini?"

"Umeme tu."

"Na mtu akishinda anapata nini?"

"Anaendelea kucheza."

Mzee Lusungu akafikiri kidogo, akavua koti. Mazin alipotoka kwenda kuswali Magharibi alimwacha kwenye stuli. Aliporudi akamkuta palepale, simu inaita mfukoni na haipokei.

Jibu ambalo mjumbe alipeleka mtaani lilikuwa fupi: si dubwi. Jumapili, baada ya kanisa, akaja na mkewe, Adelina, aliyetaka kukiona hicho kinachomchelewesha mumewe. Adelina akakaa, akaweka pochi mapajani, akaupita mlima wa kwanza, wa pili, na mwingine ambao hakuna aliyewahi kuuona.

"Mama, umejifunzia wapi?" Nunu akauliza.

"Mie nashona cherehani tangu msichana. Ni jicho na mkono tu. Lusungu, sogea, unanizibia." Akatikisa kijiti kushoto na kulia. "Ila huku kinakaza kidogo."

Nunu alikuwa ameshanyanyuka kufuata bisibisi.