Ufa wa Sahani ya Mzee Sirili

Kabla hujacheka, niulize kwanza nilikuwa nimekunywa nini asubuhi ile. Chai ya rangi na kiporo cha ndizi, basi. Rubisi sikuigusa, maana nilikuwa naenda misani kwa Wakatoliki, na mimi Mlutheri mgeni sikutaka kuingia kanisa la watu nanuka pombe ya ndizi. Kwa hiyo usiniletee habari za ulevi. Wapo walionicheka mbele ya mke wangu, nikawaacha wacheke. Yaliyonipata yalinipata, na ushahidi wake uko ukutani kwangu hadi leo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Vita na Uganda vilikuwa vimeisha, lakini madukani hamna kitu. Kipande cha sabuni ulikitafuta kama dawa. Mimi nilikuwa kijana wa Nyaishozi, siku sita nalima kahawa na maharage ya baba, ya saba napiga dramu. Usinione hivi nilivyo. Nilikuwa napiga, jamani!

Sasa, nani kule kwetu alikuwa na seti nzima ya dramu? Hakuna. Kila mpigaji alikuwa na kipande chake. Byarugaba wa Nyakahanga alikuwa na ngoma kubwa ya kukanyaga, aliyoitengeneza kwa pipa la mafuta na ngozi ya ng'ombe. Mimi nilikuwa na ile ndogo ya kati, chini yake nimefunga nyaya za breki za baiskeli ili ilie chwa-chwa. Mwingine alikuwa na mifuniko miwili ya sufuria. Na Mzee Sirili wa Mabira alikuwa na kitu ambacho wilaya nzima hakuna aliyekuwa nacho: sahani ya shaba ya kweli, ile ya duara inayotundikwa juu ya chuma na kulia tshaaa. Aliachiwa na mpigaji wa bendi moja ya Bukoba iliyovunjika.

Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, tulikutana uani kwa Byarugaba na kuunganisha vipande vyetu mpaka seti inatimia. Kiti chetu kilikuwa kreti la soda. Unakaa kwa zamu, unapiga, unakosea, wenzako wanakucheka, halafu mmoja anakuonyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Mzee Sirili ndiye aliyenifundisha mguu ufanye yake na mkono ufanye yake. Alikuwa akinikandamiza goti kwa kiganja mpaka mguu ukubali. Wazazi wake walitoka Burundi, naye alikuwa kibarua kwenye mashamba ya watu, mtu mpole lakini mtani sana. Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Mlutheri.

Vipande hivyo tuliazimana pia kwa ajili ya harusi, na sharti lilikuwa moja tu. Ukirudisha, unarudisha mwenyewe, na unakipiga mbele ya mwenye nacho, asikie. Kama kimeumia, unasema hapo hapo. Mnagombana, mnacheka, yanaisha.

Basi nikaazima sahani ya mzee kwa harusi moja ya Nyakahanga. Akaniambia, "Mlutheri, usiikaze. Sahani lazima icheze." Yeye aliitundika na kipande cha mpira wa tairi, na nati yake aliiacha imelegea. Mimi na ujuaji wangu, mbele ya wasichana, nikaona inayumba inanitia aibu. Nikachukua spana ya baiskeli nikaikaza barabara. Na vijiti vyangu vilikuwa vya mti wa mbuni, mgumu kama chuma. Wimbo wa tatu sauti ikabadilika. Nilipoinama kutazama, ufa ulikuwa umeingia kutoka ukingoni, urefu wa pingili ya kidole.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua sabuni, sabuni ile ile ya kutafuta kama dawa, nikaishindilia ndani ya ufa, nikapaka majivu, nikasugua mpaka ikang'aa. Usingeuona. Nikaipeleka Mabira, nikamkuta mzee yuko kitandani, kifua kimembana. Akajiinua, akakaa, akanitazama. Alikuwa anasubiri niipige.

Nikamwambia, "Mzee, leo wewe pumzika. Nitaipiga ukipona."

Akajilaza tena. "Haya, Mlutheri."

Niliondoka pale karibu nakimbia, na nilijiona mjanja. Wiki mbili baadaye akafariki. Tukamzika kibanjani kwake, kati ya migomba. Matanga yalipoanuliwa, mke wake, Mama Odeta, akaniita pembeni akanipa gunia. Ndani kuna sahani. "Alisema upewe wewe," akaniambia.

Mawe, mama yangu! Afadhali angenichapa.

Tangu siku hiyo sikuweza kuipiga. Sisemi sikutaka, nasema sikuweza. Nanyanyua kijiti, mkono unafika nusu unakataa. Vingine vyote napiga, nikifika kwenye sahani mkono unakufa. Watu wa harusi wakaanza kulalamika, wakaniona mvivu. Usiku nikifumba macho namwona mzee amekaa kitandani anasubiri.

Mwaka ukapita. Mama Odeta akatuma ujumbe: kuna misa ya kumbukumbu ya mzee, njoo na sahani uipige kanisani, mwenyewe aliagiza hivyo kabla hajafa. Nikiipiga, kanisa zima litasikia ule ufa, na mjane atajua kwamba nilimdanganya mume wake akiwa kitandani mwa kufia. Nisipoipiga, nitasema nini?

Nikadandia lori la kahawa, nikalala kwa shangazi yangu, na alfajiri nikashika njia ya miguu kuelekea Mabira. Siku hizi huko ni Kyerwa, zamani zile yote ilikuwa Karagwe. Ukungu ulikuwa mzito, hata vidole vya miguu yako huvioni. Nikafika kwenye kijito chenye mafunjo, palipolazwa magogo mawili ya kuvukia. Nikasimama juu ya magogo, nikashusha gunia mgongoni. Ndiyo, nilikuwa nimeshapanga. Naitupa majini, nafika Mabira natweta, nasema nimeporwa njiani. Nani angebisha?

Mkono ulikuwa juu tayari, na gunia mkononi, ndipo nikasikia. Dum. Dum-dum. Dum.

Sikiliza, kila mpiga dramu ana mguu wake. Mguu wa Mzee Sirili ulikuwa unachelewa kidogo, kidogo sana, kwenye pigo la nne, na utamu wake ulikuwa hapo hapo. Hakuna mwingine aliyeweza, sote tulijaribu tukashindwa. Na ndio huo niliokuwa nausikia, ng'ambo ya kijito, ukitoka kwenye kigango cha zamani, kile kikanisa cha udongo ambacho waumini walikihama, kikabaki cha mbuzi kulala.

Utaniuliza mbona sikukimbia. Nikimbilie wapi, na ukungu uko mbele na nyuma? Halafu, ukweli wa Mungu, miguu yangu ilikuwa imeshaanza kufuata pigo.

Kigango hakikuwa na mlango. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijivu, na katikati seti nzima imeunganishwa. Ngoma ya Byarugaba na kiraka chake ubavuni. Mifuniko ya sufuria. Na ngoma yangu mimi, yenye nyaya za breki, ambayo nilikuwa nimeiacha msumarini nyumbani Nyaishozi! Chuma cha sahani kimesimama kitupu. Kwenye kreti la soda amekaa mtu mwenye koti, amenipa mgongo.

"Mlutheri," akasema, "umechelewa."

Unajua nilimjibu nini? "Shikamoo mzee." Mtu amekufa mwaka mzima, mimi namwamkia!

"Marahaba. Itundike."

Nikaitundika. Kwa hofu nikaikaza nati.

"Legeza."

Nikalegeza.

"Bado. Legeza. Haya, piga."

Na ule mkono uliokataa mwaka mzima ukanyanyuka wenyewe. Ikalia chrrr, kama kikaango chenye mchanga. Hapo nikaangua kilio. Sikulia hivyo hata msibani. Nikasema yote: nimeikaza mimi, nimeipasua mimi, nimeiziba kwa sabuni, nimekudanganya unaumwa. Hakugeuka. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani naye analia. Kumbe anacheka!

"Sabuni, Mlutheri! Watu hawana ya kuogea, wewe unaogesha ufa!" Akacheka tena. "Hukuwa umefika mgomba wa mwisho, nilishaigonga kwa ukucha. Nikajua."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Ilikuwa zamu yako kusema, siyo yangu." Akakanyaga ngoma taratibu, dum, dum-dum. "Mimi niliipasua ya mwalimu wangu, nikahama mji kwa aibu. Sikumwona tena. Wewe usihame. Toboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia. Ufa ukifika kwenye tundu utakoma. Haya, nenda, ukamwambie na mama."

Nikajifuta machozi kwa shati. Nilipolishusha shati usoni, hakuna seti, hakuna kreti, hakuna mtu. Kuna mbuzi jike na watoto wake wawili wananishangaa, na kinyesi chao sakafuni. Sahani iko ndani ya gunia, gunia liko mgongoni, na kamba nimeifunga. Sikumbuki kuifunga. Ninachokumbuka ni kwamba mabega yangu yalikuwa mepesi, na njaa inaniuma, njaa ya kawaida ya mtu mzima wa afya. Nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu.

Mabira nilifika jua limetoka. Mama Odeta alikuwa mlangoni pa jiko anamenya ndizi. Nikamwamkia, na hata hajamaliza kuitikia nikasema, "Mama, ile sahani niliipasua mimi. Nikaficha. Nikamdanganya mzee. Nisamehe."

Akaweka kisu chini. Nikasubiri matusi.

"Mwaka mzima," akasema, "mwaka mzima nakusubiri useme hivyo."

"Ulijua?"

"Siku ile ulipotoka aliigonga kwa ukucha. Akacheka mpaka nikaogopa kifua kitampasuka. Akaniambia, mpe yeye, lakini usimwambie kwamba najua. Siku akija kusema mwenyewe, mwambie tumeshamalizana."

Nikakaa chini pale pale kwenye maganda ya ndizi. Jamani, kuna raha duniani, lakini ile ya kusamehewa na mtu uliyedhani umemkosa milele, hiyo sijaipata kwingine. Nililia tena, safari hii nacheka. Mama Odeta akaniletea uji.

Ya kigango nilikuwa sijamwambia. Nikafungua gunia ili nimwonyeshe ufa wenyewe, na hapo tukainama wote wawili kutazama. Sabuni haikuwepo. Pale ufa ulipoishia palikuwa na kitundu kidogo, cha duara safi, kingo zake zinang'aa upya. Na chini ya gunia kulikuwa na unga wa shaba, kama wa kujaza kiganja cha mtoto. Mimi sikuwa na keekee ya kutobolea, sijawahi kuwa nayo. Mama Odeta akaugusa ule unga kwa kidole, akafanya ishara ya msalaba, na mimi Mlutheri nikajikuta naifuata.

Kanisani niliipiga. Sauti haikuwa ya zamani, ilikuwa na kukwaruza kidogo kwa ndani, lakini wapo waliosema imekuwa tamu zaidi. Mama Odeta alicheza mpaka kitenge kikafunguka.

Mwezi uliofuata nikamsimulia Byarugaba, nikijua atanicheka kuliko wote. Hakucheka. Aliniuliza ni asubuhi ya siku gani. Nikamwambia. Akasema asubuhi hiyo aliikuta ngoma yake, ambayo huwa anaitundika ndani juu ya jiko pakavu kabisa, imelowa umande na ngozi imelegea. Ilibidi aikaushe kwa moto siku nzima. Na mimi niliporudi nyumbani niliikuta yangu msumarini, nyaya zake za breki zimeanza kutu. Tukaangaliana, tukabadilisha mazungumzo.

Sahani hiyo ninayo, imetundikwa ukutani kwangu. Vijana wa kwaya wanaipiga, na kila mmoja namsimamia mpaka nati ilegee. Ufa umekoma pale pale kwenye tundu, haujasogea hata unywele. Mkono wangu haujakataa tena.

Wewe unayenisikiliza, kama una kitu cha mtu kilichoharibika mikononi mwako ukakifunika kwa sabuni yako, usingoje ukungu. Nenda leo ukamgongee mlango akiwa hai, akutukane macho kwa macho, uondoke mwepesi. Mimi wangu alilazimika kuamka alikolala. Wako huenda asijisumbue.