Siku Nywele Zangu Zilipoongoza Bendi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Swaleh, kwa sababu Swaleh akisimulia huongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi hata kidogo: mimi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mpiga saksafoni na mtunzi wa jazi (hata kwenye fomu za hospitali huandika hivyo, bila haya), nilipigwa kichwani na mama yangu mzazi jukwaani, Jumapili mchana kweupe, kwenye bustani ya hoteli moja hapa Nakuru, watu wakiangalia na simu zao juu.

Sasa, ile haikuwa Jumapili ya kawaida. Kuna programu fulani ya watunzi wa muziki, inawachukua watu wachache wanakaa pamoja wiki sita kazi yao ikiwa kutunga tu, na nilikuwa nimeomba mara mbili nikanyimwa. Mara ya tatu wakasema watamtuma mtu kutoka Nairobi, Madam Achieng, aje anisikie nikipiga wimbo wangu na bendi yangu, papo kwa papo. Mtu ambaye hupiga harusi Jumamosi, kanisani Jumapili, na siku zingine anafundisha watoto wa wenyewe filimbi, hizo wiki sita huziota hata akiwa macho. Niliitaka ile nafasi mpaka chakula kikawa hakipiti.

Na kwa sababu niliitaka hivyo, nikaamua nipendeze. Huo ndio uamuzi wenyewe, hamna mwingine. Jumamosi jioni nikaenda kwa Mama Shiro, msusi wangu wa mtaa wa Free Area, nikamwambia anisuke rasta ndogo ndogo kabisa, zianzie hapa mbele.

"Na show ni lini?" akaniuliza.

"Kesho."

"Kesho utalia, mrembo. Ngoja wiki moja zilegee."

Nikamwambia nimezoea (sijazoea, hakuna aliyezoea). Nililala kifudifudi nikiwa nimenyanyua nyusi kama mtu aliyeshtuliwa, na kufika asubuhi kichwa kilikuwa kinavuta na kuwasha kwa wakati mmoja. Mwanamke yeyote aliyewahi kusukwa anajua dawa yake, hujikuni kwa kucha usije ukazivuruga, unajipigapiga kwa kiganja, pa pa pa, unapata nafuu kidogo, baada ya dakika mbili unarudia.

Hapo lazima niwaeleze kitu kuhusu sisi watu wa jazi. Tunaanza wote na melodi iliyoandikwa, halafu kila mtu anapewa nafasi yake, ndiyo solo, abuni ya kwake papo hapo, ajiachie vile roho inamtuma, na mwisho tunarudi wote kwenye melodi. Lakini turudi saa ngapi? Huwezi kupiga kelele jukwaani, kwa hivyo kiongozi wa bendi anaweka mkono kichwani. Ni ishara ya siku nyingi, ukiona hivyo, unarudi. Na kiongozi nilikuwa mimi.

Asubuhi hiyo kwenye mazoezi nikawa mkali. Wiki iliyotangulia Swaleh, mpiga dramu wetu, kijana wa Bondeni mwenye mikono mizuri na akili ya kutembea, alikuwa ameikosa ishara tukamaliza wimbo kila mtu na mahali pake. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Leo mkiona mkono kichwani mnarudi hapo hapo. Hata kama ni katikati ya solo ya mtu. Msifikirie, mrudi!"

"Sawa, dada," Swaleh akasema. "Leo sifikirii."

Tukapanda jukwaani saa tisa. Madam Achieng ameketi meza ya mbele na daftari lake, nyuma yake mama yangu na kina mama wenzake wa chama chao cha akiba kutoka Rongai, wamevaa kitenge sare kwa heshima yangu. Wimbo wangu ulikuwa wa mapigo saba (sita ni ya kawaida, nane ni ya kawaida, mimi nikataka saba ndio nionekane nimesoma). Tukaupiga vizuri, na solo ya kwanza nikampa Mzee Kamau.

Mzee Kamau ana tarumbeta na umri wa baba yangu. Amepiga kwenye mahoteli ya mkoa huu wote tangu mimi sijazaliwa, nyimbo za watu wengine, na mimi ndiye niliyemwomba atoke kwenye kustaafu aje anisaidie. Akaanza polepole vile huanza, noti mbili, ananyamaza, noti tatu, unamwona anatafuta kitu, na alipokaribia kukipata, mimi nimesimama pembeni mikono mitupu, upepo wa vumbi ukapita, kichwa kikawaka. Pa pa pa.

Swaleh hakufikiria. Akaipiga dramu kwa nguvu, bendi nzima ikarudi kwenye melodi, na Mzee akakatwa kama mtu aliyefungiwa mlango akiongea.

Nikajua nimefanya nini. Tulipoumaliza mzunguko nikamwashiria Mzee aendelee, nikatabasamu kuonyesha ilikuwa bahati mbaya. Akaanza upya. Nikaishika saksafoni kwa mikono yangu yote miwili, nikajiambia hutajigusa, hutajigusa, na naapa sijui mkono uliponyoka saa ngapi. Pa pa. Melodi tena. Mzee Kamau akaniangalia, akageuka, akaketi kwenye kiti cha nyuma na kuiweka tarumbeta ndani ya sanduku lake.

Kuanzia hapo ni aibu juu ya aibu. Nikachukua solo mwenyewe nikidhani mikono ikiwa na kazi niko salama. Kuna noti moja ya saksafoni unaweza kuishikilia kwa mkono wa kushoto peke yake, na mkono wa kulia, wenyewe bila ruhusa, ukapanda juu. Nikajikata solo yangu mwenyewe! Nikamgeukia Swaleh kumwelewesha, nikaonyesha kichwa kwa kidole, nikakitikisa kwa maana ya hapana, ni nywele, na yeye akaona mkono kichwani akarudi kwenye melodi mara ya nne, safari hii kwa kasi zaidi, anatoa jasho, anatabasamu kama mtu anayejua leo hajakosea. Madam Achieng akaacha kuandika. Akaifunga kalamu.

Hapo ndipo mama yangu alipoinuka. Mama haelewi ishara za jazi lakini ananijua mimi, alikuwa ameniona nikijikunja mabega, akapanda jukwaani na kitenge chake, akanishika kidevu vile alikuwa akinishika nikiwa darasa la pili, na akanipiga kichwani kwa kiganja chake cha kupalilia mahindi. PA! PA! PA!

"Si ungesema unawashwa?" akauliza. Maikrofoni ikaipeleka mpaka kwa walinzi wa geti.

Na Swaleh, bila kufikiria, akarudi kwenye melodi.

Lakini ukihesabu na ile ya mwanzo, ilikuwa mara ya sita sasa. Watu walikuwa wameshaisikia mara sita. Mama, akiwa bado na mkono kichwani mwangu, akaanza kuiimba, la la la, na kina mama wa Rongai wakaidaka kule chini, halafu meza zingine, na kwa sababu hakuna mtu anayepiga makofi ya mapigo saba akiwa na akili zake timamu, waliongeza pigo moja la nane, na ile melodi yangu ngumu ikaketi chini ikastarehe. Sikuwa nimewahi kusikia wimbo wangu ukitoka kwa watu.

Nikaiendea maikrofoni. "Mzee Kamau," nikasema, "sikukukata. Ni rasta. Nimesuka jana. Nisamehe, baba."

Bustani ikapasuka kwa kicheko. Mabega ya Mzee yakaanza kucheza kwa kicheko, akafungua sanduku.

"Basi kaa mbali na kichwa chako," akasema.

Akapiga juu ya zile sauti za watu, hakuna aliyemkata, akakitafuta kile kitu chake na akakipata, na mimi nilimfuata nyuma nikilia na kupuliza (ni vigumu, msijaribu). Hatukuwa tumepanga hata noti moja ya ile.

Baadaye Madam Achieng alinijia. "Huo wa mwisho, uliouandika ni huo?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia la, mimi niliandika ule wa mapigo saba.

"Niandikie huu," akasema, akaenda zake.

Nilichukuliwa kwenye ile programu. Natangulia kuwaambia, ili msije mkasema nimeficha. Na nimeapa mambo mawili: sitasuka siku ya kuamkia show mpaka nife, na sitawakataza tena watu wangu kufikiria. Ile ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu Swaleh hakukosa, alinitii tu.

Fomu ya kutuma wimbo ilikuwa na nafasi ya jina la mtunzi. Nikakaa nayo siku nzima, mwishowe nikampigia Mzee Kamau nikamwomba majina yake kamili, yote matatu, niyaandike kando ya langu.

"Mtunzi?" akauliza.

"Mtunzi, baba."

Akanitajia majina, polepole, herufi kwa herufi, kisha akaniomba nimsomee alichosema, nikamsomea, akaniomba tena.

"Andika kubwa," akasema. "Isomeke."