Mikeka ya Matanga Ukutani Mwangu

Haya, leo nitasema mwenyewe, maana nimechoka kuisikia hadithi hii ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo, kila mmoja anatia chumvi yake, huyu anasema niliiba, yule anasema nilimfukuza maiti mlangoni, wallahi hakuna maiti aliyefika mlangoni kwangu! Nilifanya aibu, sikatai. Aibu kubwa, mbele ya mtaa mzima hapa Kasongo, mbele ya mama yangu mzazi. Lakini kama ni kusimuliwa, basi isimuliwe sawasawa, na atakayecheka kabla sijamaliza aje achukue suruali yake aliyoniletea nitie kiraka, aende nayo hivyohivyo ilivyotoboka.

Ilikuwa enzi ya Wabelgiji, miaka ile ya mwisho-mwisho. Mimi tayari fundi wa nguo, nina mke, nina watoto wawili, na nina gitari. Nilikuwa nimejenga nyumba ya matofali, sakafu ya simenti, mabati juu, nikajiona mutu kati ya watu, na chumba cha mbele nikakifanya cha muziki, mimi na Shabani, rafiki yangu aliyekuwa akigonga chupa na kuitikia (huyu Shabani mnitajie taratibu, bado nina hasira naye). Sasa kile chumba, jamani, kilikuwa kizuri kwa macho na kibaya kwa masikio. Ukigonga uzi mmoja, sauti inakwenda ukutani, inarudi, inapanda kwenye mabati, inarudi tena, mpaka hujui unapiga wimbo gani. Mke wangu alikuwa akisema tunapiga sufuria.

Basi zikaja habari kwamba kuna muzungu anazunguka na kamio, yaani lori, ndani ana mashine ya kunasa nyimbo, akipenda wimbo wako anaupeleka kutengenezwa sahani ya santuri. Sisi tulimwita Bwana Masikio, kwa vile vitu vya kusikilizia alivyovaa kichwani. Alipofika kwa administrateri, mkubwa wa serikali hapa, akatuma neno: Jumatano asubuhi atapita kwangu, atasikiliza, na saa sita kamili anaondoka kwenda Kabambare. Muzungu wa wakati ule akisema saa sita ni saa sita, hata kama baba yako anaungua moto.

Hapo ndipo Shabani akaanza. Alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja, paa! Tukasikiliza lile kofi likizunguka na kutucheka.

"Weye hujui kitu," akaniambia. "Miye nilifagia studio kule Leopoldville miezi tisa. Ukutani iko vitambaa, juu iko vitambaa, chini iko zulia. Sauti inaingia, inatulia."

"Vitambaa vya kujaza nyumba nzima tutavipata wapi?"

Tukajaribu makapi ya mpunga ndani ya magunia. Tuliyapanga ukutani kama askari, na kweli mwangwi ulipungua kidogo, lakini kesho yake panya walikuwa wametoboa magunia na kuku wa jirani wako ndani wanachakura, makapi mpaka kwenye cherehani yangu. Tukajaribu majani makavu ya migomba, yakawa yanalia chakacha-chakacha kila upepo ukipita. Siku mbili zimebaki. Ndipo Shabani akatazama uani, kwenye kibanda cha mama, akauliza (namwona mpaka leo, anakuna shingo yake):

"Mama yako iko na mikeka mingapi mule?"

Nisimame hapo niwaeleze wale ambao si wa hapa. Mama yangu, Mama Mwamini, ndiye aliyetunza mikeka ya matanga ya mtaa wetu. Wanawake wote, wa msikitini na wa kanisani, walikuwa na chama chao, na kila aliyeingia alisuka mukeka mmoja kwa mkono wake, akautia mstari wa rangi yake ili ujulikane, wa mama ulikuwa mwekundu. Mikeka ishirini na minne. Haikulaliwa, haikuanikiwa mpunga, haikuazimwa kwa arusi. Mutu akifa, yeyote, tajiri au maskini, wanawake wanakuja kwa mama, anafungua kibanda kwa ufunguo wake, na waliofiwa wanakaa juu ya kazi ya mikono ya mtaa mzima. Na kumchagua mama kushika ule ufunguo, walimchagua wao, kati ya wanawake wote. Hakuwa na cheo kingine duniani, na hakutaka kingine.

Wiki ile mama alikwenda Nyangwe kumtazama dada yake. Alipoondoka aliufungua ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole yeye mwenyewe.

"Amisi, watu hawangoji mpaka miye nirudi ndipo wafe," akasema. "Akija mutu, fungua. Usiulize nani, usiulize saa ngapi. Fungua."

Nami nikafungua, ndiyo. Ila hakuna aliyekuwa amekuja! Nilijiambia ni siku mbili tu, na mtaa mzima hakuna mgonjwa, hata kikohozi hakuna (Mungu anisamehe, nilipita nyumba hadi nyumba nikisalimia kama mutu mwema, kumbe napeleleza nani anaumwa). Nikaitoa yote ishirini na minne. Tulisema tutaitundika tu kwa kamba. Haikushika. Tukaleta vipande vya mianzi na misumari, tukapigilia. Bado kwenye maungio sauti inapita, Shabani akatia sikio na kusema hapa panavuja, basi tukapika uji mzito wa muhogo, tukaupaka ukutani na kubandika, ukuta wote, na mingine juu chini ya mabati. Ukakauka kama jiwe. Jumanne alasiri Shabani akapiga kofi lake. Paa. Likafa palepale. Nilipiga gitari nikasikia kila uzi na jina lake, machozi yakanitoka, nawaambia kweli, sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile katika nyumba yangu.

Jumatano Bwana Masikio akaingia, akatazama kuta, akatabasamu, akapiga kofi yeye pia! Shabani akaniguza na kiwiko. Muzungu akaweka kipaza sauti katikati, nyaya zikatoka dirishani mpaka kwenye kamio, watu wa mtaa wakajaa uani wakanyamaza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu, leta, ondoa, upesi, na alinielekezea kidole: "Weye, boyi, imba! Mara moja tu." Boyi! Mimi mwenye nyumba, mwenye watoto wawili. Nikameza, nikaimba.

Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu nauingia, nikasikia kilio nje. Mlango ukasukumwa, na Mama Zaina akaingia, nguo imefungwa kiunoni, wanawake sita nyuma yake. Mama Zaina alikuwa mkubwa wa chama baada ya mama, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Amisi, kaka yangu Salumu ametutoka asubuhi hii. Tunazika kabla ya alasiri, watu wameanza kujaa, wamekaa katika vumbi. Fungua kibanda."

Mzee Salumu! Jana yake tu nilimsalimia amekaa barazani kwake anakula karanga! Sasa ningeweza kuacha. Ningeweza kuweka gitari chini na kusema pole mama. Wimbo ulikuwa umebakiza ubeti mmoja, utepe wa muzungu unazunguka, Shabani bado anagonga chupa kama mwendawazimu, na mdomo wangu, huuhuu mnaoutazama, ukasema:

"Ngojeni nimalize wimbo, mama, marehemu hana haraka."

Nilisema. Sikuchokozwa na mutu. Na ningeendelea kuimba, nilikuwa nimeshavuta pumzi, lakini Mama Zaina alikuwa hanitazami tena, alikuwa anatazama ukuta. Akanyoosha mkono, akagusa mukeka wenye mstari wa kijani. "Huu wangu," akasema polepole. Mwingine akasema, "Na huu wangu, wamepita nao msumari!" Mwingine akatazama juu: "Wangu uko kwenye mabati!" Ala! Wakaanza kuvuta. Misumari inaruka, uji mkavu unapasuka vipande-vipande, mikeka inachanika, mianzi inaniangukia kichwani, na mimi nakimbia huku na huku na gitari mkononi nikisema taratibu, taratibu, nitaitoa mwenyewe, na Shabani, nataka mlisikie hili vizuri, Shabani alitoka kwa dirisha, alifuata njia ya nyaya, akaondoka na chupa yake! Mpaka leo hajanijibu kwa nini alibeba chupa.

Mnafikiri iliishia hapo. Bwana Masikio alikuwa nje kwenye kamio, amevaa masikio yake, na Kiswahili hiki hakukielewa hata kidogo. Yeye alisikia sauti nzuri tu, na makelele ya wanawake akadhani ni shangwe. Akafurahi, akadhani atawafurahisha watu, akarudisha utepe nyuma, akageuza spika kubwa iliyokuwa kwenye kamio ielekee uani, akapiga kelele, "Muzuri! Muzuri sana! Sikilizeni!"

Ua wote ulikuwa umejaa. Waliokuja kwa muziki na waliokuja kwa msiba, wote pamoja. Ikatoka gitari yangu, tamu. Ikatoka sauti ya Mama Zaina, kaka yangu Salumu ametutoka. Halafu ikatoka sauti yangu, safi, haina mwangwi, haina mlio wa mabati, kila herufi imesimama peke yake: marehemu hana haraka. Ningekuwa nimeacha kile chumba kilivyokuwa, na makelele yake, nani angesikia? Nani? Ingekuwa ni wuu-wuu tu kama siku zote! Lakini hapana, mimi nilipigilia misumari siku nzima ili maneno yangu yasikike vizuri, na yalisikika.

Nikatazama mlango wa ua, na pale amesimama mama yangu na kikapu chake kichwani, amefika kutoka Nyangwe saa ileile, samaki wakavu bado wamefungwa kwenye majani. Alikuwa amesikia. Alitua kikapu, akapita katikati ya watu, akaingia chumbani, akatazama kuta na vile vipande vya uji, akatoka. Nilitaka anipige. Nilikuwa tayari, wallahi, nilishainamisha kichwa.

"Nipe ufunguo," akasema.

Nikampa. Akaenda kwa Mama Zaina, akauweka mkononi mwake, akamfunga vidole kama alivyonifunga mimi. Mama Zaina alilia akamwambia hapana, Mama Mwamini, kosa si lako. Mama akajibu, "Nilimpa miye." Basi. Wakachukua ile iliyosalia kuwa mikeka, wakaenda, na Mzee Salumu akazikwa huku wageni wengine wamekaa juu ya majani ya migomba. Yale majani yangu! Bwana Masikio alitazama saa, akakunja nyaya, akaenda zake Kabambare. Na huko (hili ndilo linaloniunguza moyo hata leo), huko Kabambare alinasa wimbo wa watu fulani, nje, chini ya upenu, bila mukeka hata mmoja, kuku wanasikika nyuma, na ukatoka sahani, na watu wa hapa wakainunua!

Mama hakunigombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, nilikuwa nikitafuta ugomvi naye makusudi, nalalamikia chumvi, nalalamikia moshi, na yeye anakwenda kwa Mama Zaina kila siku na miaa yake ya kusukia, anaziba matundu ya misumari moja moja, mukeka kwa mukeka. Ilimchukua masika yote. Alitengeneza ishirini na mitatu. Wa ishirini na nne, wenye mstari mwekundu, aliuacha na matundu yake. Sikumuuliza kwa nini, nilijua mstari mwekundu ni wa nani.

Mama alikufa miaka mingi baadaye, uhuru umeshapita. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa chini kwenye simenti, sijui hata nani yuko karibu yangu, nikasikia wanawake wanaingia wanatandika, fwaa, fwaa, huku ukutani kwangu alama za uji zingalipo. Mama Zaina alikuwa mzee kabisa, anatembelea fimbo. Alikuja mwenyewe mpaka mbele yangu, akatandika ule wa mstari mwekundu, akaunyoosha kwa kiganja, hakucheka, hakugomba.

"Kaa hapa, Amisi," akasema. "Leo hakuna haraka."

Nikakaa juu ya matundu yangu mwenyewe. Gitari ninayo bado, napigia nje, mwangwi na uje ukitaka. Lakini mutu akibisha mlango wangu, hata nikiwa na nguo ya arusi ya kesho chini ya sindano, nasimama kwanza, nafungua, halafu ndipo namuuliza ana shida gani.